Mitawanda ya Bi Zuwena

Ko, ko, ko. Kisha kimya kidogo anapogeuka mwisho wa ukumbi, halafu tena: ko, ko, ko.

Enzi zetu mtu mzima hakuwa na haja ya kupaza sauti ili watoto wajue yuko wapi. Mitawanda, viatu vyetu vya mbao, ilimsemea. Nimesikia mitawanda mingi katika umri wangu, ya bibi yangu, ya mama, ya mama mkwe, lakini iliyonikaa masikioni ni ile ya Bi Zuwena wa Chake Chake, iliyokuwa ikitembea juu ya sakafu ya mbao mchana kutwa mfano wa saa ya ukutani. Hata leo mvua ikianza kudondoka juu ya bati, tone moja moja, mimi hugeuka kutazama mlango nikaona kama yuaja.

Vijana wa siku hizi ukiwatajia mitawanda wanakutazama kama umetaja jina la samaki. Mjukuu wangu mmoja aliitafuta katika simu yake, akaipata, akanionyesha picha huku anacheka. "Bibi, yaani nyinyi mkivaa mbao?" Nikamwambia ndiyo, tukivaa mbao, na ngazi tukipanda nazo na ndoo ya maji kichwani. Nyinyi mnavaa sponji na kila siku mwaniambia miguu inauma.

Nyinyi wa rika langu mtanielewa. Tulikulia Tumbe, kule kaskazini, pahali ambapo hata nguo za sikukuu zilikuwa na harufu ya dagaa. Asubuhi skuli, adhuhuri chuoni kwa maalimu kusoma Kurani, alasiri uwanjani. Tukicheza nage kwa mpira wa matambara mpaka mpira ufumuke, na ukishafumuka tunakaa chini tunacheza mdako huku mmoja wetu anaufunga upya. Njaa ikituuma hatuendi dukani. Tunapopoa mazambarau, tunapasua kungu kwa jiwe, tunachoma shelisheli kwenye moto wa makumbi mpaka midomo inaungua kwa pupa. Mama akikuona na ulimi wa zambarau hakuulizi ulikuwa wapi, anakuuliza chuo kilisomeshwa juu ya mti gani.

Mie nilikuwa mtoto wa ndoto. Naweza kuwa natwanga, mchi ukabaki juu, nikawa nawaza mji ambao sijauona. Mama alikuwa akisema, "Mize, miguu yako iko Tumbe lakini kichwa kishapanda gari." Na kweli kilikuwa kimepanda, na kikipanda hakishuki ila Chake.

Aliyenitia Chake kichwani ni Zuhura. Baba yake, Mwalimu Seif, aliletwa kusomesha skuli ya kwetu, wakapewa nyumba iliyotazamana na yetu. Zuhura alinizidi mwaka mmoja na kitu. Alikuwa hajui kupasua kungu, nikamfundisha. Mimi nilikuwa sijui kushona kofia, akanifundisha, na mpaka leo vito vyangu, vile vitundu vya kofia, vinakwenda upande. Tulikuwa hatuachani. Tukiitwa kula kwao tunakula, tukiitwa kula kwetu tunakula tena, na hakuna aliyetuuliza.

Halafu Mwalimu Seif akahamishwa kurudi Chake kwao. Siku wanapakia vyombo, Zuhura alinivuta nyuma ya kisima. Akaniambia kwamba nyumba yao ya Chake iko karibu na ngome kongwe, boma lililojengwa zamani sana, kabla ya babu wa babu zetu, na kwamba ukipanda juu ya ukuta wake unauona mkono wote wa bahari unaoingia mjini, na mikoko, na mapaa ya watu.

"Weye umeshapanda?" nikamuuliza.

"Sijapanda. Tuliondoka nikiwa mdogo."

"Basi usipande."

"Sipandi mpaka uje," akasema. "Tutapanda sote."

Tukafungana vidole vidogo. Nyinyi wenzangu mwajua uzito wa kidole kidogo zama zile.

Ikapita misimu ya karafuu, mmoja na wa pili. Tulikuwa hatuna simu, tuna utingo wa gari la mbao, ambaye alibeba salamu za kisiwa kizima kichwani na hakuchanganya hata moja. Siku moja akamwambia baba kwamba Mwalimu Seif anasalimu, na mwaka huu Maulidi inaangukia Jumamosi, skuli na vyuo vitafungwa tangu Alhamisi, kwa hiyo Mize aletwe akae na mwenzake mpaka Jumapili. Baba alikuwa na mzigo wake wa samaki wa kupeleka Chake, hakuona taabu. Mie tangu siku hiyo nilikuwa sili nikashiba.

Mama alinifunga pakacha la pweza mkavu. "Mkono mtupu haulambwi," akasema. "Na ukifika usile kama hujapata kuona chakula." Akanitia na makatambuga mapya, vile viatu vya mpira wa gari, ili nisiingie mji wa watu pekupeku. Nikaingia Chake na makatambuga yangu yanalia kwacha kwacha, na paka watatu nyuma ya pakacha.

Mji ule ulininukia kabla sijauona. Karafuu zilikuwa zimeanikwa juu ya majamvi kila penye jua, hata vibarazani mwa maduka, nikadhani watu wa huku wanaishi ndani ya sanduku la viungo. Njia ilikuwa inapinda juu ya mgongo wa kilima, maduka huku na huku, mafundi wa cherehani wameketi nje, muuza kahawa anagongesha vikombe vyake. Wazee barazani walikuwa wanabishana siasa, maana ndizo zama za siasa zile, kila mtu na chama chake. Baba akaniambia nisikodoe macho. Nilikodoa.

Nilikuwa nimeshaiona mara nyingi kichwani namna nitakavyopokewa. Zuhura atatoka mbio, atanirukia, pakacha litaanguka, tutacheka. Nikabisha hodi. Akafungua mama yake, Bi Salma, unga mikononi.

"Karibu mwanangu. Ehe, na pweza juu. Mama yako hakuacha yake."

"Shikamoo. Zuhura yu wapi?"

"Marahaba. Yuko juu. Panda."

Nikangoja kusikia miguu inashuka. Nilichosikia ni ko, ko, ko.

Juu nilimkuta Zuhura ameketi juu ya mkeka, kofia mapajani, nywele zimesukwa kikubwa, kanga mbili zimemfunika mpaka vifundo. Aliinuka akanikumbatia kwa nguvu, lakini hakupiga kelele. Nyuma yake alisimama bibi yake, Bi Zuwena, mama wa Mwalimu Seif, mwembamba, mrefu, amevaa mitawanda.

"Huyu ndiye Mize?" akauliza. "Nimemnusa tangu yuko njiapanda." Tangu hapo nyumba ile nikaitwa Mize wa pweza.

Bibi alipogeuka kwenda zake mwisho wa ukumbi, nikamnong'oneza mwenzangu, "Twende sasa ngomeni?"

Zuhura alivuta uzi wa kofia. "Mie sitoki tena."

"Waumwa?"

"Siumwi. Nimekuwa mkubwa."

Wasichana wa leo hawatajua maana yake, nasi tuliijua bila kuelezwa. Zama zetu mtoto wa kike akishabaleghe anatiwa ndani. Uwanjani mwisho, dukani mwisho, hata mlangoni mwisho. Atatoka kwa buibui, na mtu mzima mbele yake, kwenda harusini au msibani au kumtazama mgonjwa, na huko harudi kusema ameona nini njiani. Hakuna aliyeona ni ukatili. Ndivyo walivyolelewa mama zetu nao wakajiona wametunzwa. Kwetu shamba tuliachiwa kidogo, kwa kuwa nani atachota maji? Lakini mjini, katika nyumba kama ile ya Mwalimu, utawa ulikuwa utawa.

"Na weye hukupanda?" nikamuuliza. "Kabla?"

"Nilikuambia sipandi mpaka uje."

Alikuwa na mwaka mzima na zaidi wa kupita chini ya ukuta ule, na wenzake wa mjini wakimwita, naye akiwaambia anangoja mtu kutoka Tumbe. Sasa mtu amefika na yeye hatoki.

Nyumba ile ilikuwa na kanuni yake. Mchana Bi Salma yuko chini na kazi zake, Bi Zuwena yuko juu na Zuhura. Mitawanda ikilia juu, Bi Salma anajua bibi yuko macho na mtoto yuko pamoja naye, anaendelea kupika. Mitawanda ikinyamaza, maana yake bibi kalala, na Bi Salma anafuta mikono, anapanda kukaa yeye. Haikuandikwa popote wala haikuwahi kusemwa. Masikio yake yalikuwa juu kama ya paka, na ukumbi haukukaa kimya hata nafasi ya kumaliza Yasini.

Ijumaa nikatumwa mimi. Nenda kachukue halua, nenda kwa fundi kalete gauni, peleka kawa hili nyumba ya pili. Kila nikitoka, Zuhura ananikamata kanga. "Tazama vizuri," ananiambia. "Uje uniambie." Yeye mji wake mwenyewe ulikuwa umebaki kipande cha dirisha. Dirisha la ukumbini lilitazama ukuta wa jirani. Lililotazama ngome lilikuwa la chumba cha Bi Zuwena, juu ya kitanda chake, na huko haingii mtu ila kuitwa.

Nikawa macho yake. Nilirudi nikamweleza mwenye duka la nguo aliyelala juu ya majora yake mdomo wazi. Nikamweleza mtoto aliyekuwa anafundishwa kupanda baiskeli na watu saba, kila mmoja anamfundisha lake. Nikamweleza mlango mmoja wenye nakshi za maua na minyororo ambao nilisimama mbele yake mpaka mwenyewe akatoka akaniuliza kama nataka kuununua. Nilisema kweli, ila kweli yangu niliitia sukari kidogo. Zuhura alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Kisha akaiokota, akauliza, "Na ngome?"

Nilikuwa nimepita. Kilichobaki hakikuwa kikubwa: mnara, na kipande cha ukuta wa mawe na chokaa, mweusi kwa mvua, magugu yamechipua juu yake. Lakini mie nilisimama chini yake nikaona watu wa zamani wamepanga mishale. Palikuwa na mzee anafagia majani mlangoni, aliyeniona nimesimama sana.

"Panda, binti. Ngazi hazili mtu."

"Namngoja mwenzangu."

"Mwenzio yuko wapi?"

"Yumo ndani."

Alinitazama, akatazama upande wa nyumba zile za ghorofa, akarudi katika fagio lake. "Basi utangoja," akasema.

Hilo nalo nilimweleza Zuhura, sikulitia sukari. Alishona vito vingine vitano sita, kisha akaniambia polepole, "Mize, mie ningepanda mara moja tu. Mara moja, nione, kisha wanitie ndani hata mpaka siku ya kufa. Sitalalamika."

Usingizi haukunijia mapema. Na mie kichwa changu, nilishawaambieni, kilikuwa kimezoea kupanda gari peke yake.

Jumamosi ya Maulidi nyumba iligeuka soko. Usomaji ulikuwa jioni, lakini tangu asubuhi wanawake wa mtaa wameingia na masinia na mabuibui yao, wanapika mchuzi uani, wanachoma mikate, wanachambua asumini, wanatukanana kwa mapenzi. Anayetoka na anayeingia hajulikani. Adhuhuri ikasaliwa. Bi Zuwena akaja mpaka mlangoni mwa chumba chake, akavua mitawanda akaipanga sawasawa, akaingia kujinyoosha.

"Zuhura," nikasema, "buibui lako jipya liko wapi?"

Akaelewa kabla sijamaliza. Tuliitafakari njia yote papo hapo, kwa minong'ono. Wanawake kumi wanatoka mlango wa mbele, nani atamjua wa kumi na moja? Uso umefunikwa. Lakini Chake watu hawamjui mwanamke kwa uso, wanamjua kwa miguu, na viatu vya Zuhura vilikuwa vyekundu, vya sikukuu, vinajulikana mpaka sokoni. Nikavua makatambuga yangu nikamsukumia.

"Na weye utavaa nini?"

"Mie siendi."

"Tuliahidiana sote."

"Tukienda sote nani atatembea hapa? Mama yako atapanda sasa hivi." Nikamwonyesha mitawanda.

Alitaka kulia, nikamwambia asinilowanishie viatu. "Mie nitapanda siku yoyote," nikamwambia. "Nitapanda hata nikiwa bibi. Weye huna siku nyengine."

Akalivaa buibui. Lilikuwa la hariri, lina mng'aro, na chini yake yakatokeza makatambuga ya Tumbe yenye alama za tairi. Mlangoni mwa ngazi aligeuka. "Nikifika juu nitakupungia," akasema. "Utaniona?"

"Nitakuona," nikasema, nikijua kwamba dirisha la kuonea liko juu ya kitanda cha bibi yake.

Akashuka. Nikasikia sauti ya Bi Salma kutoka uani, "Mama kalala?" na sauti ya kiti kinasogezwa. Nikaitia miguu katika mitawanda, mikubwa kwangu, vigingi vinanikata vidole, nikaanza.

Kokokoko, kokokoko. Nilikwenda mwisho wa ukumbi nikarudi, moyo unagonga kuliko mbao. Chini kiti kikatulia. Nikaenda tena, nikarudi tena, najiona mimi ndiye niliyeushika mji mzima usianguke. Na nilipopita mara ya tatu mbele ya chumba cha Bi Zuwena, nikasikia sauti yake, nyembamba, haina usingizi hata chembe.

"Mize wa pweza."

Nikasimama.

"Usisimame," akasema. "Nenda. Lakini nenda taratibu, mwanangu. Mie mtu mzima, nna magoti. Salma akisikia mwendo huo atadhani nafukuza kuku."

Nikaenda taratibu. Ko, ko, ko. Nikafika mwisho, nikangoja kidogo kama angojavyo yeye, nikageuka. Mlango wake ulikuwa wazi kiasi cha vidole vinne, na kila nikipita nilimwona kwa upande. Alikuwa ameketi juu ya kitanda, magoti amekunja, uso dirishani.

"Yuko njiani," akasema nilipopita.

Nikaenda, nikarudi.

"Kasimama na yule mfagiaji."

Nikaenda, nikarudi. Jasho linanitiririka, vidole vinawaka moto.

"Kaingia." Kisha, peke yake, wala hakuwa akisema na mimi: "Tangu nimeolewa nalala nikilitazama lile boma. Sijapata hata kuligusa."

Mara ile nilipofika mwisho wa ukumbi nilikaa kidogo zaidi ya kawaida, kwa kuwa nilikuwa namwombea Zuhura ngazi zisiwe na utelezi. Nilipogeuka, Bi Zuwena alikuwa amepiga magoti kitandani, mikono imeshika nondo za dirisha kama mtoto.

"Keshafika," akasema. "Yuko juu. Anapunga mkono."

Mie nilitaka kuingia. Wallahi nilitaka kuingia nimwone. Lakini ngazi chini ililia, mtu amekanyaga kidato cha kwanza, na sauti ya Bi Salma ikapanda: "Mama?"

Bi Zuwena hakugeuka. Alinipungia kwa nyuma, kwa kiganja, namna ya kumwambia mtu nenda, nenda. Nikakanyaga. Ko, ko, ko.

"Niko hapa, Salma," bibi akaitika kwa sauti yake ya kila siku. "Tazama chungu chako."

Ngazi ikanyamaza. Nami nikatembea. Kama Zuhura alijibiwa mkono wake au hakujibiwa sijui, maana mimi nilikuwa naona ukuta tu mbele yangu, na nyuma yangu ukuta.

Zuhura alirudi kabla ya alasiri na sinia la jirani kichwani, kama aliyetumwa. Alivua buibui, akaketi juu ya mkeka, akaishika kofia yake. Nikamuuliza umeona nini. Mwishowe akasema, "Kumbe ni pakubwa," basi. Mie niliyemweleza duka moja kwa robo ya siku nilikaa nikangoja, na hakuna kilichokuja zaidi. Niliridhika. Bi Zuwena akatoka chumbani anajinyoosha, akaivaa mitawanda yake, akaniangalia vidole vyangu vilivyochubuka, akanipa kifuu cha nazi chenye samli nipake.

Usiku ule Maulidi ilisomwa, udi ukafukizwa, tukarashiwa marashi mpaka macho yakawasha. Asubuhi jirani mmoja, Bi Fatma, alikuja kurudishiwa sufuria yake akakaa kunywa chai. "Mji huu umekwisha," akamwambia Bi Salma. "Jana nimemwona mtu kavaa buibui la hariri, na miguuni makatambuga. Sijui mke wa nani yule."

"Watu wa shamba hao, wamekuja Maulidi," Bi Zuwena akasema, na akaniongeza mkate wa ajemi.

Baba alinifuata Jumapili. Zuhura hakushuka. Nilipokuwa njiani niliisikia mitawanda juu kupitia dirisha, inakwenda, inasimama, inageuka, na safari hii ilikuwa nyepesi, ya haraka, si ya mwenye magoti. Nikajua ni nani aliyeivaa kuniaga.

Zuhura aliolewa Mombasa baada ya miaka michache, akazaa huko, akazikwa huko, Mungu amrehemu. Tuliandikiana, tukatumiana kofia na kanga, tukaonana mara mbili katika harusi za watu. Kila tukionana ananiuliza, "Umeshapanda?" Nami namjibu bado. Si kwamba nilikatazwa. Maisha yalipita mlangoni pale mara nyingi, na kila mara nilikuwa nimebeba kitu: mtoto mgonjwa wa kupeleka hospitali, mzigo wa sokoni, kilio.

Nyinyi wa rika langu mwajua nisemalo. Siku hizi watoto wa kike wa Pemba wanakwenda wanakotaka, wanasoma, wanapanda ndege, na mimi nashukuru, sitaki kurudishiwa ule mlango. Lakini nakumbuka uzito wa kitu uliokuwapo wakati ule. Kuona mji ilikuwa kazi ya watu watatu: mmoja apande, mmoja atembee, mmoja atazame dirishani. Leo mtu anauona mji wote kwa kidole gumba akiwa amelala, na ukimuuliza umeona nini anakwambia, "Kawaida tu, Bibi."

Mwaka jana wajukuu walinipeleka Chake kutembea, siku za mapumziko zilizoshikana. Ngome sasa ni makumbusho, imefagiwa, ina mlango mzuri. Walipanda mbio, mie nyuma yao kidato kwa kidato; wakageuza migongo yao kwenye ile bahari yote, wakanyoosha simu wakajipiga picha nyuso zao ambazo wanaziona kila asubuhi. Kisha wakashuka wakaenda kutafuta aiskrimu. Mmoja aliniuliza kama nitaweza kushuka mwenyewe. Nikamwambia nimepanda ngazi na mitawanda, hizi za saruji zitanifanya nini?

Nikabaki. Zuhura alisema kweli, ni pakubwa. Mkono wa bahari uliingia mpaka chini ya mji, mikoko imeukumbatia huku na huku. Nikayahesabu mapaa ya upande ule, nikapotea, nikaanza tena, mpaka nikapapata pale ilipokuwa nyumba ya Mwalimu Seif. Ghorofa haipo tena, pamejengwa duka, lakini juu ya paa la duka palikuwa na hewa wazi pahali palepale ambapo pangekuwa na dirisha.

Nikatazama nyuma, hapakuwa na mtu. Nikaivua kanga yangu ya juu, nikaishika kwa ncha, nikapunga. Nilipunga taratibu, maana sasa na mie nina magoti.